Kufufua kidumbak: tuanze na nyimbo za zamani au na namna ya kuzipiga?

Fidla ya Ng'ambo

Assalaam aleikum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Sisi ni kikundi cha vijana wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, na tunapiga kidumbak, muziki wa harusini ulio jamaa ya taarab, katika harusi na wakati mwingine mbele ya wageni tukialikwa. Ala zetu ni zile zile za kawaida: fidla moja, sanduku (besi ya uzi mmoja), ngoma mbili ndogo tuziitazo vidumbak, cherewa (kayamba za mkononi) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Suala ninalolileta limetugawa kwa muda mrefu, na naona hatutalimaliza wenyewe kwa wenyewe.

Upande mmoja, ambao kiongozi wetu ameuelemea, unashikilia kwamba kufufua kidumbak ni kuzikusanya nyimbo zilizokuwa zikipigwa harusini enzi za wazee wetu, kuzijua kwa beti zake zote, na kuzipiga kama zilivyokuwa bila kuongeza wala kupunguza. Upande wa pili unasema kwamba nyimbo si hoja, kwa sababu kinachopotea ni upigaji wenyewe: kule kuunganisha wimbo na wimbo bila kusita, mwendo unaopanda kidogo kidogo mpaka ukumbi mzima ukawa umesimama, na mwimbaji anayetunga papo kwa papo huku akimtazama aliye mbele yake. Hawa wako tayari kuupokea hata wimbo wa taarab ya kisasa uliotoka juzi, mradi upigwe kikidumbak.

Nitoe mfano mmoja ili mnielewe. Katika harusi moja ya hivi karibuni tulipiga wimbo wa zamani ambao tulijifunza kutoka kwenye rekodi, na niliyepiga fidla ni mimi. Nilikuwa nimekariri kila pambo la yule mpigaji wa kwenye rekodi, na nadhani sikukosea hata moja. Kina mama walitusikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, wakabaki wameketi. Baadaye shangazi wa bibi harusi akaomba wimbo mmoja unaovuma sasa, ambao kinanda cha umeme ndicho kinachoubeba. Mpigaji wetu wa vidumbak hakungoja tukubaliane. Aliuanza kwa mwendo wake, sanduku likamfuata, nami nikalazimika kutafuta sauti kwa haraka. Kabla ya ubeti wa pili uwanja ulikuwa umejaa. Njiani tukirudi, kiongozi wetu alisema kwamba fasheni imetushinda, na mpigaji vidumbak akamjibu kwamba kidumbak cha usiku ule kilikuwa hicho tu.

Mimi nauelemea upande wa pili, lakini nina wasiwasi kwamba tukishika namna ya kupiga peke yake na kuziacha nyimbo, baada ya miaka michache hatutakuwa na cha kumwonyesha mtu kwamba hiki ndicho tulichorithi. Naomba wenye ujuzi mnisaidie: kipi kitangulie? Na wanafunzi wapya tuwafundishe vipi, ikiwa baadhi yao wanasoma nota na wengine wanategemea sikio tu?

Mzee wa Sanduku

Wa aleikum salaam, na marahaba wanangu.

Kijana wangu, umeuliza jambo ambalo ni vyema kuulizwa, lakini kiongozi wenu anatafuta ghala ambalo halikuwahi kujengwa. Kidumbak hakikuwa na hazina yake ya nyimbo. Vilabu vya taarab, kuanzia Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 hadi Culture Musical Club na vinginevyo, ndivyo vilivyokuwa vikitoa nyimbo. Wimbo ukipendwa, haukukawia kuingia kwenye kidumbak na kuchezwa katika nyua za Ng'ambo, na ukichokwa, ulitoka ukaingia mwingine. Kwa hiyo mkizikusanya hizo mnazoziita nyimbo za zamani za kidumbak, zilizo nyingi mtakuwa mmekusanya nyimbo za zamani za taarab, pamoja na vipande vya ngoma zetu vilivyochomekwa katikati. Hilo si jambo baya, ila lisiitwe kufufua kidumbak.

Tofauti ya viwili hivi iko katika kinachotendeka. Kwenye taarab ya ukumbini wimbo una mwanzo na mwisho wake. Watu wamekaa, anayetaka kumtunza mwimbaji huinuka, akaenda kwa madaha, akatoa fedha yake na kurudi kitini, na maneno yamefunikwa ili aliyekusudiwa ajijue mwenyewe. Kidumbak hakina subira hiyo. Wimbo unaingia ndani ya mwenzake kwa saa nzima na zaidi, maneno yanakuwa wazi kadiri usiku unavyosonga, waliokuja harusini wanaitikia, na mchezaji anayeingia katikati ndiye anayeamua kipande hiki kirefushwe au kikatwe. Mwimbaji asiyejua wakati wa kubadilisha wimbo hawezi kidumbak hata akiwa na nyimbo mia moja kichwani.

Niseme kidogo kuhusu ala yangu, maana nimeona vijana wengi wakiipiga kwa namna isiyo yake. Sanduku lina uzi mmoja, unaotoka kwenye sanduku lenyewe hadi kwenye mti. Ukiuvuta mti uzi unakaza na sauti inapanda, ukiulegeza sauti inashuka. Hakuna alama yoyote ya kukuonyesha sauti ilipo. Kijana aliyezoea kusikiliza gitaa la besi hulishika sanduku na kuanza kuzitafuta sauti safi, moja baada ya moja, na akizipata hufurahi. Lakini sanduku ni ngoma yenye uzi. Pigo lake lazima liangukie mahali pake hata kama sauti imepinda kidogo, na kule kupinda kwenyewe, pale mti unapovutwa baada ya pigo badala ya kabla yake, ndiko kunakomfanya mchezaji ashushe kiuno. Mambo haya huyapati kwenye wimbo wowote. Unayapata kwa kukaa karibu na anayepiga na kumtazama mkono.

Fidla nayo ni hivyo hivyo. Katika taarab kubwa fidla ziko nyingi, pamoja na ganuni, udi, nai na kodiani, na kila moja ina pa kujificha. Katika kidumbak fidla iko peke yake, kwa hiyo wewe ndiye kundi zima: unaujibu ubeti, unaziba pengo, unamsukuma mwimbaji aliyechoka. Ulipokariri mapambo ya kwenye rekodi, ulikuwa unapiga sehemu ya mtu mmoja katika mazungumzo yaliyokwisha siku nyingi, na hao akina mama walikupigia makofi kama wanavyompigia mwanafunzi aliyefaulu.

Binti wa Kibokoni

Shikamoo Mzee. Nimekusoma kwa makini nikiwa huku Mombasa, na katika habari ya sanduku sina la kuongeza. Lakini hukumu yako juu ya nyimbo naiona nzito kupita kiasi, na yaliyotupata sisi ndiyo yanayonifanya niseme.

Chakacha ilikuwa ngoma ya wanawake, ya harusini, yenye nyimbo zake za mafumbo na mwendo wake unaojulikana na kila aliyezaliwa pwani. Mwimbaji Zuhura Swaleh alipouingiza mwendo huo kwenye taarab ya Mombasa, huku taishokoto (ala ya nyuzi yenye vitufe) ikipigwa, bado palikuwa na nyimbo za kina mama ndani yake. Kisha, katika miaka ya 1980, bendi za mahotelini zikauchukua mwendo peke yake. Walifanya hasa hicho ambacho upande wako wa pili unakitaka, kijana wa Ng'ambo: walichukua namna, wakaacha nyimbo. Chakacha ikawa kama bizari ya pakiti, inayonyunyizwa juu ya chungu chochote, na leo ukimwuliza kijana wa Mombasa akuimbie wimbo mmoja wa chakacha ambao bibi yake aliucheza, wengi watakupigia mwendo kwa vidole mezani na maneno hawatakuwa nayo.

Sababu yake ni hii, na naomba wapigaji waitafakari. Namna ya kupiga haielei hewani. Imekaa ndani ya mashairi ya aina fulani. Chukueni mstari wa shairi wenye mizani 16, yaani silabi 16, uliokatwa katikati, nane kwa nane. Mwimbaji akifika mwisho wa ukwapi, ndiyo nusu ya kwanza, anavuta pumzi, na hapo ndipo fidla inapopata nafasi ndogo ya kujibu. Akifika mwisho wa utao, nusu ya pili, nafasi inakuwa kubwa zaidi, na vidumbak vinaweza kugeuza mkono. Ndiyo maana wapigaji wa zamani walikuwa na vipande vingi vifupi vya kujibia, vyenye urefu unaokaribiana, kwa sababu nyimbo ziliwaachia mianya inayokaribiana. Nyimbo nyingi za taarab ya kisasa hazifuati mizani hiyo. Mistari mingine ni mirefu, mingine ni maneno mawili yanayorudiwarudiwa, na mwanya umezibwa na kinanda tangu wimbo ulipokuwa ukitungwa. Mtu anayejifunza fidla ya kidumbak kwa nyimbo hizo peke yake atazoea kufukuzana na mwimbaji, wala hatajua kwamba aliwahi kuwa na zamu yake.

Kwetu alikuwapo mpigaji udi Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016. Huyu, akisaidiana na mshairi Ahmed Sheikh Nabhany, alizirudia tungo za kale za Lamu, na kwa kuzirudia tungo akaipata pia namna ya udi iliyokuwa ikienda nazo. Hakuanza kwa kuitafuta namna ikiwa uchi. Kwa hiyo mimi nasema kiongozi wenu hajapotea. Nyimbo za zamani ni lazima zijulikane, hata kama harusini mtapiga tatu tu kati ya hizo.

Fidla ya Ng'ambo

Nawashukuru nyote wawili. Dada yangu wa Kibokoni, hilo la mianya kati ya ukwapi na utao limenifanya niuchukue tena ule wimbo wa zamani na kuusikiliza upya, na ni kweli: mapambo niliyoyakariri yote yamekaa kwenye nafasi hizo hizo mbili.

Bado nina shida ya vyanzo. Rekodi tulizonazo ni chache, na nyingi ni za taarab. Tunajua kwamba Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zile tunazisikiliza kwa heshima, lakini kidumbak cha harusini chenyewe kimerekodiwa kwa nadra, tena kwa vipande. Wazee wanaoweza kutukalisha chini nao wanapungua. Mtu afanye nini?

Mzee wa Sanduku

Binti yangu, marahaba. Umesema vizuri, na la mizani nakukubalia. Lakini angalia mwenyewe hizo santuri alizozitaja kijana. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba muziki wa dakika tatu hivi, basi. Mwimbaji aliyezoea kuuchezea ubeti mmoja usiku kucha alilazimika kuukata kabisa. Kinachotufikia ni wimbo, usiku haukurekodiwa. Anayejifunza kwenye santuri peke yake hujifunza pia huko kukatiza, akadhani ndiyo desturi, kisha wakati wa harusi anamaliza wimbo ghafla, anashusha fidla, na kungoja makofi. Nadhani hicho ndicho kilichowaketisha wale kina mama, zaidi ya umri wa wimbo.

Ukitaka kujua kama nasema kweli, upige wimbo ule ule wa zamani, ila usiumalize. Ukifika ubeti wa mwisho, vidumbak viendelee, sanduku libaki kwenye sauti mbili tu, na mwimbaji aingize kiitikio cha ngoma yoyote ambayo wenyeji wa harusi ile wanaijua. Utaona.

Mwana wa Chamwino

Naomba niingie kwa ufupi, nikiwa Mgogo ambaye taarab si fani yangu, kwa sababu suala hili limeshatupitia bara kwa sura nyingine.

Serikali ilipoanzisha Kikundi cha Taifa cha Ngoma mwaka 1963, na baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, nia ilikuwa njema: kuzikusanya ngoma za nchi nzima na kuzipandisha jukwaani. Katika mkusanyo huo nyimbo zilinusurika kweli, na kijana wa Bagamoyo aliweza kuimba sindimba ya Wamakonde na bugobogobo ya Wasukuma katika onyesho moja. Lakini kwa kuwa ngoma zote zilifupishwa, zikapangwa safu kumtazama mtazamaji badala ya kutazamana, na kuchezwa na miili ile ile, vikundi vingi vilivyoiga utaratibu huo vimefika mahali ambapo ukizima sauti na kuangalia tu, huwezi kujua ngoma ipi imekwisha na ipi imeanza. Hapo orodha ya nyimbo ni ndefu na namna ni moja.

Kuna jambo la pili ambalo sijaliona hapa, nalo ni sauti zenyewe. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliilinganisha ilimba yake (ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) kwa sauti tano za Kigogo, ambazo hazilingani na kinanda, na tundu la sanduku la ilimba lilizibwa kwa utando wa buibui ili kila sauti itoke na mvumo. Nimewasikia vijana wakiupiga wimbo ule ule wa Kigogo kwa ilimba iliyolinganishwa na kinanda cha umeme, ili waweze kurekodi studio pamoja na ala nyingine. Maneno ni yale yale na mpangilio wa vidole ni ule ule, lakini waimbaji wa kike wanashindwa kuingia, kwa sababu ile sauti ambayo koo zao zimeizoea haipo tena. Kabla hamjaamua lolote kuhusu nyimbo, chunguzeni fidla na sanduku vinalinganishwa na nini. Kama vinalinganishwa na kinanda cha kukodi, upande wowote utakaoshinda kati yenu utakuwa umeshinda kidogo sana.

Mhamiaji wa Budapest

Salaam kwenu. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Hungaria, na mjadala huu nimeukuta huku ukiwa umeshafanyika kwa zaidi ya miaka 50, kwa watu wasiojua hata Zanzibar iko wapi. Naleta habari yake kwa sababu walipata njia ambayo pande zote mbili za kikundi chenu zinaweza kuitumia.

Mwaka 1972 vijana wawili wa mjini, Ferenc Sebő na Béla Halmos, walianza kupiga Budapest muziki wa kijiji cha Szék, kilichoko Transylvania, upande wa Romania. Nota za kijiji hicho zilikuwapo tayari, kwa sababu mtafiti László Lajtha alikuwa amezikusanya miaka ya 1940. Vijana hao walizisoma, na wangeweza kuishia hapo. Lakini nota ziliwaonyesha fidla ya kwanza vizuri, na ala ya pili, wanayoiita kontra, hazikuwaonyesha inavyopumua. Kontra ina nyuzi tatu, na daraja lake ni bapa ili upinde uziguse nyuzi zote kwa pamoja. Katika upigaji wake mmoja upinde haugeuzwi kwa kila pigo, bali mapigo mawili hubebwa kwa mvuto mmoja, na la pili husukumwa zaidi. Wacheza dansi wanatembelea juu ya msukumo huo. Ilibidi waende Szék kwenyewe, wakae na wapigaji wa kijijini.

Jambo walilolifanya, ambalo naona lingewafaa, ni kwamba hawakuchukua wimbo mmoja mmoja. Walichukua mfululizo mzima wa kijiji kimoja: ngoma gani inaanza, ipi inaifuata, mwendo unapanda wapi, na pumziko liko wapi. Nyimbo ndani ya mfululizo zinaweza kubadilika, lakini mfululizo wenyewe unajulikana. Na bendi iliyojifunza Szék hainyofoi kipande cha eneo la Kalotaszeg na kukichomeka katikati kwa kuwa kinapendeza. Ikitaka Kalotaszeg inajifunza mfululizo wa Kalotaszeg. Halafu, na hili ndilo muhimu zaidi, walileta wachezaji. Mikusanyiko ile ya mwanzo ilikuwa ya vikundi vya ngoma vyenyewe, na mwaka uliofuata mlango ukafunguliwa kwa umma, watu wakafundishwa kucheza huku bendi ikipiga. Mpigaji aliyekosea msukumo aliona mara moja jinsi miguu inavyojikwaa. UNESCO iliutambua utaratibu huo mwaka 2011 kuwa mfano mzuri wa kuhifadhi urithi, ingawa nakiri kwamba kuna vijana wa huku wanaolalamika kuwa sasa umeganda, na kwamba bendi zote zinapiga Szék ya mwaka ule ule.

Sisemi mwige Wahungaria. Wao walikuwa na kijiji kilichokuwa bado kinapiga, na jambo lenu limo mtaani kwenu wenyewe.

Mzee wa Sanduku

Hiyo habari ya mfululizo nimeipenda, kwa sababu sisi tulikuwa nao bila kuupa heshima ya kuuita hivyo. Kidumbak cha harusi kilianza taratibu kwa nyimbo za taarab zinazojulikana, kisha vidumbak vikaanza kubana, kisha nyimbo zikawa fupi na maneno yakawa makali, na mwisho mkaingia kwenye nyimbo za ngoma ambazo hata jina la mtunzi wake hakuna alijuaye. Ukiujua mpango huo, mgogoro wenu unapungua, kwa maana kila aina ya wimbo ina mahali pake. Wimbo wa zamani wenye mizani iliyotimia ndio wa mwanzo, watu wakiwa bado wana subira ya kusikiliza, na fidla inapata zamu zake kama binti alivyosema. Huo uliotoka juzi mtauweka katikati, pale watu wanapotaka kitu wanachokijua cha kuitikia. Na za ngoma ni za mwisho, wala msithubutu kuanza nazo.

Kuhusu wanafunzi, wanaosoma nota wasinyimwe nota. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi pale mjini, kilichoanza mwaka 2002, kimetoa vijana wazuri, na nota huokoa muda wa kukumbuka sauti ya wimbo. Lakini msimpe mwanafunzi fidla wala sanduku kabla hajashika cherewa au mkwasa usiku kucha katika harusi. Mkwasa ni vijiti viwili tu, na watu huudharau, lakini aliyeushika analazimika kuusikiliza mpango mzima bila kuwa na sauti ya kukariri. Huyo akija kushika fidla anajua tayari ni lini anyamaze. Na mwalimu wa kweli awe mchezaji. Wako kina mama ambao hawajawahi kugusa ala yoyote, lakini ukipiga vibaya wanasimama katikati ya uwanja na kukutazama. Mwiteni mmoja wao mazoezini, mumpe chai na nauli yake, na mpige mpaka acheze bila kujilazimisha.

Fidla ya Ng'ambo

Nimemsomea kiongozi wetu haya yote, naye amekubali tupange mfululizo mmoja, wenye nyimbo tatu za zamani mwanzoni, ambazo atazichagua yeye. Fidla tutailinganisha na sauti ya mwimbaji wetu mkubwa wa kike, wala hatutalinganisha tena na kinanda cha kukodi. Yupo pia mama mmoja jirani ambaye kila mtu hapa mtaani anamjua kwa uchezaji, na ametuambia atakuja mradi mazoezi yasigongane na magharibi.

Kiongozi ameongeza sharti moja: tuzirekodi harusi nzima nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, ili wanaokuja wasiachiwe vipande vya dakika tatu.

Binti wa Kibokoni

Hapo kwenye kurekodi nendeni polepole. Harusi ni ya wenyewe, na katika uwanja wa wanawake watu hucheza kwa uhuru kwa sababu wanaaminiana. Mkiingiza kamera, wale wachezaji mnaowategemea wataketi, na mtarekodi kidumbak kisicho na mtu. Ombeni ruhusa kwa mwenye harusi na kwa somo wa bibi harusi, yaani mama aliyemfunda, mapema, siyo usiku ule ule. Rekodini sauti peke yake, chombo kikae karibu na sanduku ambalo ndilo hupotea kwanza kwenye kila rekodi niliyowahi kuisikia. Na yale maneno makali ya saa za mwisho, yanayomlenga jirani fulani, yasitoke nje ya kikundi. Pembeni ya kila rekodi andikeni mfululizo ulivyokwenda: wimbo gani ulifuata upi, na nani aliyeubadilisha, mwimbaji au mchezaji. Hilo la mwisho ndilo mwanafunzi wa kesho hataweza kulisikia kwenye sauti peke yake.